Shimo la Ishirini

Mimi sina subira, nalisema mapema ili mtu asije kunilaumu. Mama alikuwa akisema nilizaliwa wiki tatu kabla ya siku zangu kwa sababu nilichoka kungoja. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoona tangazo kwenye ubao wa idara, ufadhili kamili wa utafiti wa shahada ya uzamivu, miaka mitatu, ada na vifaa juu ya wafadhili, sikusimama kulisoma. Nililing'oa. Nikalisoma huku natembea, nikajigonga kwenye mlango wa kioo, nikaendelea kusoma.

Sharti la tano ndilo lililonikata maini: mwombaji awe hajatimiza miaka thelathini na mitano. Mimi nilibakiza mwezi mmoja niitimize. Ni mwaka huu au basi tena. Na bila ufadhili huo utafiti wangu ulikuwa umekwisha, maana idara ilishaniandikia kwamba muhula ujao nirudishe vifaa vyao na meza yangu ya maabara apewe mtu mwingine. Miaka miwili ya kazi ingeingia kabatini, na kabati lenyewe si langu.

Kazi yenyewe ni hii. Mabomba ya maji huvuja chini ya ardhi, pasipoonekana, na maji yakaenda zake miezi na miezi bila mtu kujua. Kuna mafundi wachache wanaoweza kuusikia uvujaji huo. Wanasimamisha nondo juu ya bomba, wanabana sikio kwenye ncha ya pili, wanafumba macho, kisha wanasema chimba hapa. Kaka yangu ni mmoja wao. Mimi natengeneza kifaa kidogo, cha bei ya chini, kinachosikia kama sikio lake, ili hata asiye na kipaji hicho ajue pa kuchimba.

Kaka huniita Masikio. Mimi namwita Kaka tu, na inatosha, kwa sababu ndiye aliyenisomesha. Baba alipofariki, Kaka alikuwa na miaka kumi na sita. Wiki ileile aliacha shule, akaubeba mkoba wa spana wa baba, mimi nikaendelea kwenda darasani. Hajawahi kulisema jambo hilo hata siku moja, na mimi nikilianzisha ananiuliza kama nimekula.

Maombi yalitaka makaratasi mengi, lakini kubwa lao lilikuwa barua ya mapendekezo kutoka kwa msimamizi wangu wa chuo, ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa juu ya gundi, mwombaji asiione. Ni barua ya siri. Sasa sikiliza vituko. Msimamizi wangu, profesa wa uhandisi wa maji, wanafunzi tunamwita Weka-Hapo. Si kwa ubaya, ni mtu mwema na kichwa chake ni moto. Ila ana wanafunzi thelathini na vikao visivyohesabika, na ukimpelekea karatasi yoyote anasema, "Weka hapo, nitasaini." Barua za mapendekezo haandiki. Unajiandikia mwenyewe, yeye anatia saini na mhuri. Idara nzima ndivyo inavyokwenda, na hakuna anayeona ajabu. Siri gani hiyo, anayefichwa ndiye mwandishi!

Jumapili mchana nikaketi na laptopu nijisifu. Nikashindwa. Sisi tumekuzwa na mama ambaye ukileta cheti cha kwanza darasani anakwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kaoshe vyombo. Nikaandika sentensi, nikafuta. Nikaandika nyingine, nikaona haya peke yangu. Kaka alikuwa amejilaza kwenye kochi, miguu juu, ananitazama.

"Unahangaika nini?"

"Nataka kujisifu na siwezi."

"Lo! Wewe? Nipe mimi kazi hiyo. Andika." Akakohoa kama mtu anayetaka kuhutubia. "Huyu namfahamu vizuri. Nimechimba naye mashimo ishirini."

"Kumi na tisa," nikasema.

"Ishirini."

"Lile la pakavu halihesabiwi."

"Nani kasema? Mgongo wangu unalihesabu."

"Anayepiga chapa ni mimi," nikamwambia, nikaandika kumi na tisa. Kaka akacheka, akaendelea, na mimi nikaandika kila alichosema, kwa sababu kicheko kilikuwa kimenishika.

Iliandikwa hivi: "Mara moja alituchimbisha karibu mita mbili kwenye ua wa watu, tukakuta vumbi. Alichosikia kilikuwa friji la jirani. Alilia kidogo, akafoka sana, na kesho yake akarudi akafukia mwenyewe na kupanda upya maua ya watu. Kisha akakifundisha kifaa chake sauti ya friji, na tangu siku hiyo friji halijakidanganya tena. Ana hasira za karibu. Alimsahihisha profesa hesabu ubaoni mbele ya wageni, wala hakungoja wageni waondoke, lakini hesabu ilikuwa imekosewa kweli. Bomba likivuja chini ya kitanda cha mwanangu, nitamwita yeye kabla sijainuka mimi. Na mimi nina miaka ishirini na sita kwenye mabomba."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jioni hiyo nikaandika barua ya maana, ile ya "mwenye bidii, nidhamu na ari", kavu kama mkate wa juzi. Jumatatu nikazichapa zote mbili kwenye duka lililo karibu na geti la chuo. Ya Kaka nilitaka kuitunza. Nikazitia kwenye faili moja, nikakimbia kumwahi Profesa, maana mwisho wa kupeleka bahasha ilikuwa saa sita mchana siku ileile.

Nilimkuta kwenye korido, simu imebanwa begani, anaelekea kikaoni. "Weka hapo," akasema, halafu akaona hakuna "hapo", akalichukua faili mwenyewe, akavuta karatasi ya juu, akaiweka ukutani, akasaini. Mhuri ulikuwa mfukoni. Akakunja, akatia kwenye bahasha, akalamba, akasaini juu ya gundi, na muda wote huo anaongea na simu kuhusu bajeti ya viti. Dakika moja haikuisha. Nikaipokea bahasha, nikadandia pikipiki hadi upande wa pili wa mji, nikapanda ngazi mbili mbili hadi ofisi ya wafadhili, nikaitumbukiza kwenye sanduku lao. Nilikuwa na furaha ya kutaka kumkumbatia mlinzi.

Mchana nikarudi nyumbani nimpe Kaka nakala yake. Nikafungua faili, nikaanza kumsomea kwa mbwembwe: "Ni mwanafunzi mwenye bidii, nidhamu na ari..."

"Hiyo si yangu," akasema Kaka.

Nikaitazama karatasi. Nikaligeuza faili juu chini, nikalikung'uta. Hakuna nyingine.

"Mungu wangu," nikasema. "Kaka, amesaini yako."

Kaka akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kucheka na anaogopa kipigo, "Kwa hiyo sasa mimi ni profesa?"

Nilimrushia mto wa kochi. Nikarudi mbio ofisi ya wafadhili, karani akaniambia bahasha ikishaingia sandukuni haitoki, hata ungekuwa nani. Nikafika mpaka mlango wa Profesa, nikainua mkono kugonga, nikaushusha. Nikimwambia, atapiga simu kule, na wao watalitupa faili langu lote. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikajipa moyo: kama anayesaini hasomi, huenda hata wanaopokea hawasomi.

Usaili ulikuwa Alhamisi. Kaka alinipeleka kwa pikapu yake, mabomba ya plastiki yakigongana nyuma, akaegesha chini ya dirisha na kuniambia, "Nenda, Masikio. Nakungoja hapahapa."

Chumbani walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mhandisi mstaafu, miwani imening'inia kifuani. Kulia kwake mwanamume wa tai nyekundu, mhadhiri wa takwimu. Kushoto bibi mmoja mpole, mtaalamu wa sayansi ya udongo, aliyeandika kila kitu. Nilianza kwa kusitasita, lakini nikishaanza kuzungumzia kifaa changu huwa sijijui. Nikakitoa kwenye mkoba, nikawaambia wanyamaze, wote watatu, mwenyekiti akiwamo, nikakibandika ukutani. Taa ikawaka nyekundu.

"Kuna maji yanakimbia humu ukutani," nikasema. "Juu yetu kuna choo?"

"Kipo," akasema bibi wa udongo, kalamu imesimama hewani. "Na nimelalamika kinavuja tangu mwaka jana!"

Wakacheka, hata mwenye tai. Nikahisi kabisa kwamba mambo yamekubali.  Ndipo mwenyekiti akavaa miwani, akachukua bahasha kwenye rundo la maombi, akatoa karatasi.

"Hapa msimamizi wako anasema ana miaka ishirini na sita kwenye mabomba."

Nikakibandua kifaa ukutani.

"Na kwamba amechimba nawe mashimo kumi na tisa."

"Huyo?" mwenye tai akadakia. "Nimesoma naye. Huyo hajawahi kushika hata koleo la kuchotea majivu!"

Mwenyekiti akaweka karatasi mezani. "Binti, hii barua kaiandika nani?"

Jamani, neno "yeye" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Ni neno fupi, na saini ilikuwapo, na mhuri. Lakini nikamwona Kaka kwa dirisha, ameegemea pikapu na kofia yake ya kazi mkononi, nikaona kwamba nikisema "yeye" nitakuwa nimemfuta. Hasira zikapanda, sijui hata za nani.

"Kaka yangu," nikasema. "Fundi bomba. Mimi nilipiga chapa. Profesa alisaini bila kusoma, kwa makosa. Na ile niliyotaka asaini nilijiandikia mwenyewe, kama walivyojiandikia wote waliomo kwenye rundo hilo, na nyinyi mnajua!"

 Mwenye tai akaanza kukohoa na kutazama dari.

"Una kikohozi?" mwenyekiti akamuuliza. Akajibu hana. Mwenyekiti akachukua simu, akampigia Profesa, akaweka spika.

"Barua ya mwanafunzi wako wa mabomba," akasema baada ya salamu, "uliiandika wewe?"

"Bila shaka," sauti ya Profesa ikajibu bila hata kufikiri.

"Vizuri. Hebu tukumbushe, mlichimba mashimo mangapi?"

"Mashimo?" Tukamsikia anavuta pumzi. "Mashimo gani?"

Niliinamisha kichwa. Namheshimu mzee yule, na sikupenda kumsikia hivyo mbele za watu. Kisha akasema polepole, "Sikuisoma. Naomba mnisomee."

Mwenyekiti akaisoma yote, kwa sauti. Ilipofika kwenye friji, bibi wa udongo alijifunika mdomo. Ilipofika kwenye hesabu ubaoni, simu ikaguna. "Hiyo ni kweli," akasema Profesa. "Wageni wenyewe walipiga makofi."

"Kanuni yetu inataka barua aliyoiandika msimamizi," mwenyekiti akasema. "Aliyoiandika, si aliyoisaini. Mafaili yanafungwa saa kumi kamili leo. Sasa ni saa saba na nusu." Akakata simu, akanigeukia. "Bado umekaa?"

Sikuwa nimekaa tena. Nilishuka ngazi sijui vipi, nikaruka ndani ya pikapu, nikapiga kelele, "Chuoni! Endesha, Kaka, nitakueleza njiani!" Nikamweleza njiani, vibaya, nikianzia mwisho. Alipoelewa kwamba nimetaja kazi yake mbele ya wale wakubwa akakanyaga mafuta mpaka mabomba ya nyuma yakaruka.

Profesa alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mara ya kwanza kumwona bila simu.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye."

Akampa Kaka mkono. "Fundi, karibu ndani. Nina maswali." Nami nikafuata, akanizuia. "Wewe baki nje. Hii ni barua ya siri."

Mlango ukafungwa usoni pangu. Haya, nambie: mtu asiye na subira, amefungiwa nje ya mlango ambao nyuma yake maisha yake yanaandikwa, na ndani ya mkoba wake kuna kifaa kinachosikia maji chini ya mita mbili za udongo. Nilikitoa. Nikakirudisha. Nikakitoa tena, nikakisogeza mpaka kikagusa mbao, taa ikawaka. Nikakiondoa kama kimeniunguza, nikakikalia. Nilibaki na masikio aliyonipa Mungu tu, nayo yalisikia karatasi ikichanwa, kisha ya pili, kisha Kaka akicheka kile kicheko chake cha kifuani. Saa nane ikapita. Saa tisa kasorobo. Nilitembea korido ile mpaka mfagizi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Saa tisa na robo mlango ukafunguka. Profesa alikuwa na wino kwenye vidole vitatu. "Barua yangu ya kwanza kwa miaka kumi na miwili," akasema, akasaini juu ya gundi mbele ya macho yangu, akanipa. "Nilidhani najua unachofanya. Nisamehe, binti."

"Ameandika nini?" nikamuuliza Kaka kabla hata hajawasha gari.

"Siri."

"Kaka!"

"Siri ni siri. Na usiitazame kwenye jua, nakuona."

Barabara ya katikati ya mji ilikuwa imefungwa, wanachimba. Wanachimba nini? Bomba! Kaka akawapigia honi mafundi wenzake, wakamtambua, wakasogeza vizuizi, tukapita juu ya ubao. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Saa kumi kasoro dakika nne nilikuwa mbele ya mwenyekiti, jasho linatiririka, bahasha imejipinda kwa nilivyoishika. Akaifungua hapohapo. Akasoma, akavua miwani, akaisoma tena. "Nenda nyumbani ukapumzike," akasema, na uso wake haukunionyesha kitu.

Ijumaa sikupumzika. Jumamosi wala. Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa na Kaka ndani ya shimo, matope mpaka magotini, simu ikaita. Nilisikiliza. Nikasema ndiyo, ndiyo, asante, ndiyo. Kisha nikapiga yowe hata mama mwenye nyumba akatoka akidhani udongo umetufukia. "Nimepata!" nikapiga kelele. "Miaka mitatu, Kaka! Yote! Nimepata!" Kaka alinibeba juu juu, tukaanguka wote wawili kwenye maji machafu, na mama mwenye nyumba akapiga vigelegele ingawa hakujua tumepata nini.

Barua rasmi ilikuja wiki iliyofuata, pamoja na fomu ya kurasa nne ya kusainiwa na wote wanaohusika na utafiti. Nilisoma ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu nikasimama. Palikuwa na mistari miwili. Msimamizi wa kwanza, kitaaluma: Profesa. Msimamizi wa pili, kazi za uwandani, kwa mapendekezo ya msimamizi wa kwanza: fundi bomba, uzoefu wa miaka ishirini na sita. Na hapo palikuwa na jina kamili la kaka yangu, limechapwa, kwenye karatasi ya utafiti wa chuo kikuu.

Nilimpelekea jikoni. "Saini hapa," nikasema, nikamwekea kalamu juu yake.

Hakusaini. Aliinuka akanawa mikono kwa sabuni, akaikagua, akanawa tena. Akafuta meza. Akaketi, akaanza ukurasa wa kwanza, kidole chini ya kila mstari, midomo ikicheza. Mimi nimesimama nyuma yake nakaribia kupasuka.

"Kaka, ni fomu tu! Saini!"

"Sisaini kitu ambacho sijasoma."

Akafika ukurasa wa tatu. Alikaa pale muda mrefu. Niliona mabega yake yanapanda na kushuka. Kisha akafungua wa nne, kidole kikatembea, kikasimama.

"Hapa pamekosewa," akasema. "Wameandika mashimo kumi na tisa."

"Wamenakili ile barua yako."

"Yangu ilisema ishirini. Lile la pakavu ndilo lililokufundisha kitu, nalo unalificha?"

 Nikachukua kalamu, nikakata kumi na tisa, nikaandika ishirini, nikaweka saini yangu ndogo pembeni. Kaka akalikagua sahihisho, akasogeza kiti, akaandika jina lake lote, taratibu, herufi moja moja. Kisha akarudisha ukurasa wa tatu mbele yangu, akaniomba nimsomee tena, kwa sauti, pale palipoandikwa msimamizi.